KISIWA KILIKUWA NA JINA
Christopher Columbus, sikukuu yake, na wajibu wetu wa haki

(Hotuba iliyotolewa na Padre mlezi katika semina ya viongozi wa walei na wajumbe wa Kamati za Haki na Amani, mwezi wa Oktoba)



Nianze na kisa kidogo. Nilipokuwa darasa la tano, mwalimu wetu aliandika ubaoni swali hili: Ni nani aliyegundua Mlima Kilimanjaro? Jibu lililotakiwa lilikuwa Johannes Rebmann, mwaka 1848. Mwenzetu mmoja, mtoto wa Kichaga ambaye wazazi wake walikuwa wamehamia kwetu, alinyoosha kidole akauliza: "Mwalimu, sasa babu wa babu yangu alikuwa akiishi wapi?" Darasa zima tulicheka. Mwalimu naye alicheka, kisha akafuta ubao, nasi tukaendelea na somo jingine.

Ilinichukua miaka mingi, hata nikawa seminarini, kutambua ya kwamba swali la mtoto yule halikuwa la kuchekesha. Lilikuwa swali la haki. Na ndilo swali ambalo watu wengi wa bara la Amerika huuliza kila mwaka mwezi huu wa Oktoba, Marekani inapoadhimisha sikukuu ya taifa ya Christopher Columbus, na Hispania inapoadhimisha sikukuu yake ya taifa tarehe 12 Oktoba. Leo nawaomba tulitafakari jambo hilo kwa njia tuliyoizoea katika kamati zetu: tutazame, tupime, kisha tutende.

1. TUTAZAME: YALIYOTOKEA

Tarehe 3 Agosti 1492, merikebu tatu, Niña, Pinta na Santa María, ziling'oa nanga katika bandari ya Palos nchini Hispania, zikiwa na mabaharia wapatao 90. Mkuu wao alikuwa Columbus, mzaliwa wa Genoa, Italia. Alitaka kufika Asia kwa kuelekea magharibi. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Oktoba waliona nchi kavu. Kilikuwa kisiwa kimojawapo cha nchi tuiitayo leo Bahamas.

Wenyeji wa kisiwa kile walikiita Guanahaní. Columbus alishuka pwani na bendera, akakitwaa kwa jina la Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella, akakipa jina jipya: San Salvador, yaani Mwokozi Mtakatifu. Na watu aliowakuta pale, jamaa za Wataino, aliwaita Wahindi, kwa kuwa alidhani amefika katika visiwa vya Mashariki.

Ndugu zangu, naomba tusimame hapa kidogo. Kisiwa kilikuwa na jina. Kama kilikuwa na jina, kulikuwa na waliokiita kwa jina hilo. Walizaliwa hapo, walizika wafu wao hapo, walijua samaki wapatikana wapi na mihogo hustawi wapi. Siku ile moja kisiwa kilinyang'anywa jina lake, na watu wake wakanyang'anywa la kwao. Nami kama padre naumia zaidi nikikumbuka jina lililotumika kufuta lile la kwanza: ni jina la Mwokozi wetu.

Kumbukumbu za safari ile zimetufikia kwa njia ya nakala ya Padre Bartolomé de las Casas. Humo Columbus anasifu upole na ukarimu wa wenyeji. Lakini katika kurasa zizo hizo anaandika kwamba watu hao wangefaa kuwa watumishi wazuri, kwamba wangefanywa Wakristo kwa urahisi, na kwamba askari 50 wangetosha kuwatiisha wote. Tazameni jinsi mambo matatu yalivyofungwa pamoja katika kitita kimoja: utumwa, ubatizo na upanga.

Mwaka 1493 alirudi na merikebu 17 na watu zaidi ya elfu moja. Katika kisiwa kikubwa alichokiita Hispaniola, ambacho leo kina nchi za Haiti na Jamhuri ya Dominika, aliwatoza wenyeji kodi ya dhahabu. Katika eneo lililodhaniwa kuwa na dhahabu, kila mtu aliyetimiza miaka 14 alitakiwa kuleta, kila baada ya miezi mitatu, dhahabu ya kujaza kikengele kidogo cha kumfungia mwewe. Dhahabu yenyewe ilikuwa haba. Mwaka 1495 watu zaidi ya 500 walipakiwa merikebuni kwenda kuuzwa Hispania. Wapatao 200 walikufa njiani, na miili yao ikatupwa baharini.

Baadaye ulikuja mfumo wa kuwagawa wenyeji kwa Wahispania, kila mkubwa na kundi lake, eti awatunze na kuwafundisha dini, nao wamfanyie kazi. Kazi za machimbo, njaa, vita na maradhi vikawamaliza. Wataalamu hawapatani juu ya idadi ya watu wa Hispaniola kabla ya 1492; wengine husema laki kadhaa, wengine husema mamilioni. Lakini Wahispania wenyewe walipowahesabu mwaka 1514, waliwapata wenyeji wapatao 26,000 tu. Na wakati huo ugonjwa wa ndui, ambao ungeua wengi zaidi, ulikuwa bado haujafika kisiwani.

Wenyeji walipokwisha, mikono mingine ilitafutwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1500 Waafrika wa kwanza walifikishwa Hispaniola wakiwa watumwa. Katika karne zilizofuata, Waafrika wapatao milioni 12.5 walipakiwa merikebuni kuvushwa Atlantiki, na karibu milioni mbili kati yao hawakufika ng'ambo wakiwa hai.

Wapo wasemao: "Msimhukumu mtu wa zamani kwa macho ya leo." Ni kweli kwamba Columbus alikuwa baharia hodari na jasiri, sifa hiyo tusimnyime. Lakini watu wa zama zake walimhukumu pia. Mwaka 1500 mjumbe wa Mfalme na Malkia, Francisco de Bobadilla, alifika Hispaniola, akapokea malalamiko juu ya utawala wake, akamrudisha Hispania katika minyororo. Watawala walimfungua, lakini hawakumrudishia ugavana. Basi haki si uvumbuzi wa karne yetu. Ilijulikana hata wakati ule.

2. SIKUKUU ILIVYOZALIWA

Sasa tuitazame sikukuu yenyewe, nasi tusiwe wepesi wa kulaumu kabla ya kuelewa.

Katika karne ya 19 Marekani ilipokea wahamiaji wengi Wakatoliki kutoka Ireland na Italia. Walifanya kazi duni, wakadharauliwa, na imani yao ikatuhumiwa kuwa ya kigeni. Mwaka 1882, huko New Haven, Padre Michael McGivney alianzisha chama cha walei cha kuwasaidia wajane na yatima wa wafanyakazi Wakatoliki. Chama hicho kiliitwa Knights of Columbus. Kwa jina hilo walitaka kusema: Sisi si wageni hapa, Mkatoliki alikuwapo tangu mwanzo. Padre huyo alitangazwa Mwenyeheri mwaka 2020.

Tarehe 14 Machi 1891, mjini New Orleans, umati ulivamia gereza ukawaua watu 11 wenye asili ya Italia, ambao baadhi yao mahakama ilikuwa imekwisha kuwaona hawana hatia. Mwaka uliofuata, miaka 400 baada ya safari ile, Rais Benjamin Harrison alitangaza siku ya kumkumbuka Columbus, na kwa Waitalia wale ikawa kama kitambaa cha kufutia machozi. Jimbo la Colorado liliifanya kuwa sikukuu ya kisheria mwaka 1907. Kuanzia 1971, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1968, ikawa sikukuu ya taifa zima inayoadhimishwa Jumatatu ya pili ya Oktoba.

Mnaona basi: sikukuu hii haikuzaliwa kwa nia ya kuwatukana wenyeji wa Amerika. Ilizaliwa na watu walioonewa, waliotafuta heshima. Lakini katika kuitafuta heshima yao walishika jina ambalo kwa watu wengine ni jina la msiba. Kitambaa kilichofuta machozi ya huyu kilikuwa chumvi katika kidonda cha yule. Na kwa muda mrefu yule wa pili hakuulizwa neno.

Mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Geneva, wawakilishi wa wenyeji wa Amerika walipendekeza tarehe 12 Oktoba iwe siku ya mshikamano nao. Mwaka 1992 mji wa Berkeley uliamua siku hiyo iwe ya Watu wa Asili. Venezuela iliiita Siku ya Upinzani wa Wenyeji mwaka 2002, na Argentina ikaifanya Siku ya Kuheshimu Tofauti za Kitamaduni mwaka 2010. Mwaka 2021 Rais Joe Biden alikuwa rais wa kwanza wa Marekani kutoa tangazo la Siku ya Watu wa Asili, ingawa sheria ya nchi imebaki na jina la Columbus. Hivyo Jumatatu ile ile, katika nchi ile ile, wengine huandamana kwa matarumbeta na wengine huomboleza.

3. TUPIME: SHAMBA LA NABOTHI

Neno la Mungu latuangaza vipi? Fungueni Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21. Mfalme Ahabu alitamani shamba la mizabibu la Nabothi. Nabothi alikataa, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Yezebeli akaandika barua, akazipiga muhuri wa mfalme, akaagiza watu watangaziwe mfungo, na katika mfungo huo Nabothi akashtakiwa kwa uongo na kuuawa. Kisha Ahabu akashuka kulimiliki shamba.

Angalieni neno moja ambalo huwa tunalipita haraka: mfungo. Dhuluma ile ilivikwa joho la ibada. Muhuri wa serikali ulikuwapo, mashahidi walikuwapo, na hata dini ilikuwapo. Kilichokosekana ni haki. Ndipo Mungu akamtuma Eliya, naye hakumsifu mfalme kwa kupanua bustani yake; alimwuliza juu ya damu na juu ya urithi.

Kumbukumbu ya taifa inaweza kusimama upande wa Ahabu au upande wa Eliya. Ikisimulia jinsi bustani ilivyopanuliwa na kunyamaza juu ya Nabothi, inamwua mara ya pili.

4. KANISA NALO LIJIPIME

Wahenga walisema: Mficha maradhi, kifo humuumbua. Itakuwa unafiki tukimtazama Columbus bila kujitazama sisi wenyewe kama Kanisa.

Mwaka 1452 na mwaka 1455 Papa Nikolao V alitoa hati zilizowaruhusu wafalme wa Ureno kuteka nchi za wasio Wakristo na kuwatia watu wake utumwani. Mwaka 1493 Papa Aleksanda VI alitoa hati iliyowapa watawala wa Hispania nchi zilizofikiwa na Columbus. Mwaka 1494, huko Tordesillas, Hispania na Ureno zikagawana bahari na nchi kwa mstari mmoja. Wenye nchi hawakualikwa.

Lakini katika Kanisa hilo hilo Roho Mtakatifu hakukosa sauti. Tarehe 21 Desemba 1511, Dominika ya Nne ya Majilio, Padre Antonio de Montesinos, Mdominikani, alipanda mimbarini mjini Santo Domingo. Mbele yake walikaa wakubwa wote, akiwamo gavana Diego Columbus, mtoto wa Columbus mwenyewe. Akizungumzia sauti iliayo nyikani, aliwauliza kwa haki gani wanawashikilia wenyeji katika utumwa wa kikatili namna ile, na kama watu hao hawana roho na akili. Wakubwa walighadhibika wakamtaka ayafute maneno yake. Dominika iliyofuata alipanda tena mimbarini, akayarudia. Wala hakuwa peke yake: jumuiya yake nzima ilikuwa imeyapitisha mahubiri yale. Hilo ni fundisho kwa kamati zetu. Ukweli mgumu usemwe na jumuiya, asiachiwe mtu mmoja kuubeba.

Las Casas naye wakati ule alikuwa na wenyeji aliogawiwa wamtumikie, ingawa alikuwa padre. Mwaka 1514, akitayarisha mahubiri, alikutana na Yoshua bin Sira sura ya 34, juu ya sadaka itolewayo kwa mali ya dhuluma. Alitetemeka, akawaachilia watu wake, na maisha yake yote yaliyobaki akawatetea wenyeji. Hata hivyo tusimfanye malaika. Katika kuwahurumia wenyeji alipendekeza waletwe watumwa kutoka Afrika. Baadaye alijuta, akaandika majuto yake. Kumbe hata mtetezi wa haki aweza kumwona aliyeonewa mmoja na asimwone mwingine.

Mwaka 1537 Papa Paulo III alifundisha kwamba wenyeji wa Amerika ni watu kamili, wasinyang'anywe uhuru wala mali zao, hata kama hawajapokea imani. Mafundisho hayo hayakuheshimiwa inavyostahili. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II aliomba msamaha kwa ajili ya biashara ya watumwa alipokuwa katika kisiwa cha Gorée, Senegal. Papa Fransisko aliwaomba wenyeji msamaha huko Bolivia mwaka 2015 na Kanada mwaka 2022. Na tarehe 30 Machi 2023 Vatikano ilitangaza rasmi kwamba ile nadharia ya "ugunduzi", iliyotumika kuhalalisha kunyang'anya nchi za watu, si sehemu ya mafundisho ya Kanisa Katoliki, na kwamba Kanisa linaikataa.

Miaka 530 hivi imepita tangu hati ile ya 1493. Ni muda mrefu mno. Lakini kuungama kwa kuchelewa ni afadhali kuliko kufa na dhambi.

5. YANATUHUSU NINI SISI?

Mtu aweza kuuliza: Padre, mambo ya Amerika yanatuhusu nini sisi?

Kwanza, mstari uliochorwa Tordesillas ulifika hadi kwetu. Vasco da Gama aliyetia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498 alitumwa na wafalme wale wale wa Ureno waliopewa hati zile. Mfalme wa Malindi alimpa rubani wa kumvusha hadi India. Miaka saba baadaye, mwaka 1505, merikebu za Ureno zilipora Kilwa na kuichoma Mombasa. Nguzo ya Vasco da Gama yenye msalaba ingali imesimama Malindi hadi leo.

Pili, hakuna siku tunayokula bila kuwakumbuka Wataino, ila hatujui. Mahindi na muhogo ni mazao ya Amerika, na yote mawili yalilimwa na watu wale kabla merikebu za Columbus hazijafika. Yeye alidhani amefika India. Nasi zao lao tumeliita mahindi, kana kwamba limetoka India. Kila sahani ya ugali ni deni la shukrani kwa watu ambao hatujawahi kuwataja katika sala yetu ya chakula.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, jicho la Columbus halikufa pamoja naye mwaka 1506. Ni jicho linalotazama nchi yenye watu na kusema: Hapa ni patupu. Anapokuja mtu na ramani akauita uwanda wa malisho "ardhi isiyotumika", hilo ndilo jicho lile. Wala tusidhani ni la wageni peke yao. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wameishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali tangu kale. Wakulima na wafugaji wameingia katika nchi yao wakisema hapana mwenyewe, kwa kuwa hawakuona shamba wala boma. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tukimlaani Columbus mdomoni huku tukimwiga porini, laana yetu itaturudia.

6. TUTENDE

Napendekeza mambo matatu, yaliyo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni ulimi. Tuwafundishe watoto wetu kusema kwa usahihi. Rebmann alikuwa mmoja wa Wazungu wa kwanza kuuona Kilimanjaro na kuandika habari zake, hakuugundua. Neno likinyooka, na mawazo hunyooka.

La pili ni kumbukumbu. Wiki hii, tarehe 14 Oktoba, taifa letu linamkumbuka Mwalimu Julius Nyerere. Ni vema. Lakini je, parokia yetu inawakumbuka makatekista wa kwanza waliotembea kwa miguu kutoka kigango hadi kigango? Inawakumbuka wazee waliotoa shamba ambalo kanisa hili limejengwa? Na kabla ya kanisa, mahali hapa paliitwaje? Kila Jumuiya iwakalishe wazee wake, iandike majina hayo kabla hayajazikwa.

La tatu ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yasema kwamba Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wanakijiji wangapi wajua hivyo? Wangapi huhudhuria? Kamati zetu ziisome sheria hiyo, ziwaelimishe watu, hasa wajane na jamii ndogo ambazo sauti yao haisikiki. Na mgawo wa ardhi ukifika mezani, mjumbe wetu aulize swali la yule mtoto: Waliokuwa hapa wako wapi?

Ndugu zangu, sikuja kuwafundisha kumchukia Columbus. Yuko mbele ya Hakimu wa haki tangu miaka mingi. Nimekuja kuwaomba tuchague namna ya kutazama. Columbus alipofika penye watu, alibandika jina la Mwokozi juu ya jina lao. Lakini Mwokozi mwenyewe, kama tusomavyo katika Yohane sura ya 10, hafanyi hivyo. Yeye huwaita kondoo wake, kila mmoja kwa jina lake. Tumfuate huyo.



MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika eneo letu kuna mahali palipobadilishwa jina? Jina la kwanza lilikuwa lipi, na lilifutwa na nani?
2. Sikukuu zetu za taifa na za parokia zinawataja akina nani, na zinawasahau akina nani?
3. Someni 1 Fal 21:1-19. Nani ni Nabothi katika kijiji chetu leo?
4. Padre Montesinos alisema kwa niaba ya jumuiya yake yote. Ni ukweli gani mgumu ambao Jumuiya yetu inapaswa kuusema pamoja?